Waya wa Laki Tisa na Ncha Zilizoota Kutu

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Wete aliniandikia akitaka ushauri: je, auze simu yake ili anunue waya wa spika nilioupigia debe hapa mwaka juzi? Maneno aliyonirudishia yalikuwa yangu mwenyewe, kwamba waya ule "umeifungua" sauti ya udi na kanuni, ala za taarabu. Nilimjibu usiku uleule kwamba asiuze kitu. Hata hivyo, wako wengine walioyasoma maneno yale wala hawakuniuliza, na hao ndio ninaowaandikia leo.

Sisi tunaopenda taarabu tunajua tunachokitafuta: kumsikia mwimbaji akivuta pumzi kabla ya ubeti, na fidla zikiingia pamoja bila ya kufunikwa na besi. Kwa ajili hiyo nimekusanya vyombo vyangu vya kusikilizia muziki kidogo kidogo kwa miaka 11, navyo vipo katika chumba cha mbele cha nyumba yetu hapa Kikwajuni. Wakati ule spika ya kushoto ilikuwa imefifia kwa miezi kadhaa, nami nikaamini kuwa waya umechoka. Muuzaji mmoja wa Dar es Salaam akanieleza habari za shaba isiyo na oksijeni, iliyopakwa fedha, na akanionesha vishale vilivyochorwa juu ya ganda ili sauti ipite upande unaotakiwa. Nikalipa shilingi 900,000. Nilipoufunga, spika ya kushoto ilirudi palepale, na siku ya pili nikaandika sifa zile.

Sauti ilibadilika kweli, hilo sikulitunga. Nilichokosea ni sababu yake.

Mwaka jana, nikisafisha kabati, nilikuta waya wangu wa zamani, na ncha zake zilikuwa za kijani kwa kutu. Wanaoishi karibu na bahari kama sisi wanaijua hali hii: hewa yetu ina unyevu na chumvi, na shaba iliyo wazi haidumu. Nilikata ncha zile, nikamenya ganda upya, nikasokota nyuzi, nikaufunga waya mahali pake. Spika ya kushoto ikasema vizuri kama ilivyosema kwa waya wa laki tisa. Nilikaa kitini muda mrefu bila ya kuzungumza na mtu.

Sikutaka kuamini, kwa hiyo nilimwomba shemeji yangu asimame nyuma ya pazia na kurusha sarafu kila mara kabla ya kufunga waya mmoja au mwingine. Kiwango cha sauti hakikuguswa, kwa sababu sauti iliyozidi kidogo tu sikio huidhania kuwa ni bora. Tulirudia mara 12 kwa kipande kilekile cha wimbo, nami nikaandika kila mara ni waya upi ninaousikia. Nilipatia mara 5. Maalim mmoja aliyepiga fidla maisha yake yote alikuwa amekaa nasi, na tulipomaliza aliniambia: "Mwanangu, waya zako zote mbili ni sauti moja. Hiyo spika ya kulia ndiyo umeibana pembeni mno, besi inamfunika mwimbaji." Tuliisogeza hatua moja kutoka kwenye pembe ya ukuta, na hata mama, aliyekuwa ukumbini akichambua mchele, aliuliza tumefanya nini.

Tangu hapo nimesoma hesabu ambazo nilipaswa kuzisoma kabla ya kulipa. Waya wa shaba wa milimita za mraba 2.5 una ukinzani, yaani kiasi cha kuuzuia umeme kinachopimwa kwa omu, wa takriban omu 0.007 kwa kila mita. Spika ikiwa mita 5 kutoka kwenye amplifaya, umeme huenda mita 5 na kurudi mita 5, yaani omu 0.07, na mbele ya spika ya omu 8 hiyo haifiki hata asilimia 1. Fedha huupitisha umeme kuliko shaba kwa kiasi cha asilimia 6 tu, na pengo hilo huzibwa na shaba nene kidogo. Kuhusu vile vishale, mkondo unaokwenda kwenye spika hugeuka mbele na nyuma mamia na maelfu ya mara kwa sekunde, kwa hiyo hauna upande mmoja wa kuelekezwa. Mwaka 2007, James Randi wa Marekani, mwanamazingaombwe aliyejulikana kwa kupima madai ya ajabu, aliahidi dola milioni 1 kwa atakayeweza kuutofautisha kwa masikio peke yake waya wa Pear Anjou, uliouzwa dola 7,250, na waya wa kawaida. Kampuni ilijitoa, na jaribio halikufanyika. Habari hiyo niliisoma kabla ya kununua wangu, nikaipuuza.

Basi nunueni shaba halisi. Kwangueni uzi mmoja kwa wembe, na mkiona weupe ndani, hiyo ni aluminiamu iliyovikwa shaba, ambayo ukinzani wake ni takriban mara 1.6 ya shaba tupu. Spika zikiwa mbali, au zikiwa za omu 4, chukueni waya mnene zaidi. Kateni ncha kila mwaka, mzimenye upya, mzikaze. Narudia habari ya ncha kwa sababu ndizo zilizonigharimu, na kwa sababu hakuna muuzaji atakayewaambia mkate ncha. Pesa inayobaki itieni kwenye spika zenyewe, na msinunue kwa sifa za mtu ambaye hakujaribu nyuma ya pazia, hata mtu huyo akiwa ni mimi.

Kijana mwingine, wa Mwanakwerekwe, aliyenunua waya uleule kwa kunisikiliza nilimfuata Jumapili nyumbani kwake, nikamweleza yote haya. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akasema kuwa yeye tofauti anaisikia. Nimemwomba anipe jioni moja, naye amekubali; Ijumaa baada ya Isha nitakwenda na shemeji, pazia na sarafu.