Sindano haingoji giza

Mdau ameuliza kwa nini akina mama tunadai bima ilipie uzazi wa mpango bila kuchangia hata shilingi, wakati zahanati za serikali zinatoa bure, na ukienda kituo binafsi sindano ni kama elfu kumi tu. "Elfu kumi ni vocha," kaandika. Mkuu, naona hujawahi kuuza dagaa Kigoma.

Huku Kibirizi dagaa wanavuliwa usiku kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi, mitumbwi inalala ufukweni, wavuvi wanashona nyavu, na sisi wachuuzi tunakaa na mabeseni makavu wiki nzima au zaidi. Pesa yetu inafuata giza. Sindano ya miezi 3 haijui mambo ya giza, ina tarehe yake kwenye kadi, basi.

Mwaka 2019 tarehe yangu iliangukia mbalamwezi. Zahanati wakaniambia sindano zimeisha, nirudi Jumatatu. Nikarudi, hakuna. Mara ya tatu nesi mwenyewe akanihurumia: "Dada, usimalize nauli. Si una bima ya shemeji? Nenda kituo binafsi." Kweli ninayo, mume wangu ameajiriwa na mimi ni mtegemezi wake. Kadi ikapita kwa daktari, ikapita na kwenye kipimo cha mimba (sikuwa nayo). Tulipofika kwenye sindano, dirishani nikaambiwa, "Hiyo haimo kwenye mafao, mama. Elfu kumi." Nilikuwa na elfu nne na mia tano, na humo humo kuna unga wa jioni. Nikajisemea giza likirudi nitakuja.

Giza likarudi na deni la beseni likarudi nalo, kisha mtoto wa pili akashikwa na malaria. Ukichelewa sindano wiki chache bado wanaweza kukuchoma, mimi nikapitiliza hata hizo. Siku nimefika na elfu kumi yangu mkononi, kipimo kikatoa mistari 2.

Mwanangu simjutii, yuko hapa ananing'ang'ania simu. Ila bima ile ile iliyogoma elfu kumi ililipa kliniki, ultrasaundi, upasuaji na kulazwa siku 4. Hapo hakuna aliyesema haimo.

Ndiyo maana nasema hata kuchangia kidogo kunaharibu. Jino likikuuma utakopa, utaomba, utauza kuku, kwa sababu linakunyima usingizi. Sindano ya uzazi ikichelewa haiumi popote. Hakuna cha kukusukuma, kwa hiyo ndiyo ya kwanza kuahirishwa kila pesa ikipungua, na mimba haijui kuahirishwa.

Marekani, ambako umesema wamezoea kudekezwa, nao walikuwa wanachangia. Sheria yao ya afya ya 2010 ndiyo iliyobadilisha mambo, na kuanzia Agosti 2012 bima nyingi zikaanza kutakiwa kulipia njia za uzazi wa mpango za wanawake bila mwanachama kutoa kitu dirishani: ushauri, kuwekewa kitanzi au kijiti, hata kukitoa. Kelele hazikuisha. Mwaka 2014 Mahakama yao ya Juu iliruhusu baadhi ya waajiri wenye kampuni za kifamilia kujitoa kwa sababu za dini. Na vasektomi, yaani mwanamume kufungwa mirija ya mbegu, haikuwekwa kwenye ile lazima, jambo ambalo mimi naliona la ajabu, kwa sababu mtu akifunga yeye, mke wake anapumzika na dirisha milele.

Sasa hiyo "bure" ya serikalini. Ni kweli ni bure, nami nimeitumia miaka. Lakini sehemu kubwa ya vifaa hivyo imetegemea wafadhili. Mwaka 2025 Marekani ilipositisha misaada ya USAID, shirika lake la misaada, shehena ya vidonge, sindano na vipandikizi ilikwama ghalani Ubelgiji, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizokuwa zinaisubiri. Kitu kikiwa bure na hakipo, mwenye kadi ya bima awe na mlango wa pili. Tunayo Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023, na huu ndio wakati wa kuwauliza wabunge wetu uzazi wa mpango umekaa wapi kwenye kitita, yaani orodha ya huduma ambazo bima inalipia, na kama kituo binafsi nacho kinahesabiwa.

Usisahau kuuliza habari ya kutoa kijiti au kitanzi. Wifi yangu aliwekewa kijiti bure kwenye kampeni, kikamsumbua damu miezi 5, alipotaka kukitoa kituo binafsi akaambiwa elfu ishirini. Wenzake waliosikia hayo hawataki tena hata kukiona.

Umeuliza pia kama kuna aliyewahi kufanikiwa kuibadilisha bima yake. Nusu nusu. Mwaka jana wake wa wafanyakazi kazini kwa mume wangu tuliandika barua, sahihi 23, tukampelekea ofisa utumishi kabla mkataba wa bima haujafanywa upya. Akatuambia hajawahi kuombwa kitu hicho. Wakaongeza kitanzi na kijiti. Sindano bado unalipa, kukitoa bado unalipa. Mkataba unafunguliwa tena Julai, na barua ya pili iko kwa mama mmoja wa Mwanga, hapa Kigoma, inazungushwa.