Jibu: Fidla na mkate wa kuoka nyumba moja, bila kuumiza vidole wala chombo

Umeuliza mambo matatu: kwa nini mkono wa kushoto unachoka upesi siku unazooka, kwa nini upinde unateleza juu ya nyuzi, na kama fidla inaweza kukaa karibu na jiko kwa kuwa nyumba ni ndogo. Umesema uko Unguja, basi joto na unyevu wa huko vimo kwenye hesabu.

Mkono kwanza. Kukanda donge kwa ngumi dakika 10 hadi 15 kunachosha misuli ya shina la kidole gumba na ya kifundo, na hiyo ndiyo inayofanya kazi kwenye shingo ya fidla. Ukienda kupiga mara tu baada ya kukanda, gumba linabana bila wewe kujua na kidole kidogo kinapungukiwa, noti inatoka chini. Usiache mkate, acha kukanda. Ule utando wa ngano unaovutika hujiunga wenyewe ukipata maji na muda.

Chukua unga wa ngano gramu 500, maji ya baridi kutoka friji mililita 330, sukari gramu 20, chumvi gramu 9, mafuta gramu 20 na hamira ya chenga gramu 3 tu. Hamira ikizidi hapo, kwa joto la nyuzi 30, donge litakuwahi. Changanya kwa mwiko mpaka usione unga mkavu, funika. Kila nusu saa, mara 4, lowesha mkono wa kulia, vuta upande mmoja wa donge juu, ulaze katikati, zungusha bakuli robo, rudia mpaka umalize pande zote. Dakika moja inatosha. Mkono wa kushoto uzungushe bakuli tu, usiguse donge: maji yanalainisha sugu za ncha za vidole, na sugu laini hukatwa na uzi wa mi, ule mwembamba kuliko wote.

Katikati ya mikunjo unapata vipindi vya dakika 25, na hii ndiyo raha ya kuwa na kazi hizi mbili. Kipindi cha kwanza piga noti ndefu za upinde mzima, cha pili skeli (noti za kupanda na kushuka kwa mpangilio), cha tatu ile sehemu ngumu ya wimbo polepole, cha nne wimbo wote. Weka kengele ya simu. Mpiga fidla akizama kwenye wimbo hasikii donge likifurika.

Likiwa mara mbili ya ukubwa wake, lisokote, litie kwenye bati la sentimita 23 kwa 13 lililopakwa mafuta, lisubiri dakika 45 hivi mpaka livuke ukingo kwa sentimita 1. Bonyeza kwa kidole: shimo likirudi taratibu, oka, lisiporudi kabisa, limepitiliza. Hapo usilitie motoni hivyo hivyo, litabonyea. Toa hewa, sokota upya, lipe muda mfupi zaidi. Oka kwa nyuzi 200 dakika 30 hadi 35.

Keki iwekee siku isiyo na mazoezi. Ukishachanganya hamira ya unga (baking powder) na majimaji, inaanza kazi papo hapo na rojo haliwezi kungoja umalize wimbo.

Upinde unateleza kwa sababu ya siagi na mafuta. Singa za farasi za upinde hushika uzi kwa rosini (utomvu mkavu wa msonobari unaopakwa kwenye singa), na zikipata mafuta rosini haikai, hata uongeze mara ngapi. Nawa kwa sabuni, kausha kabisa, na usiguse singa kwa vidole hata siku usiyooka. Zilizokwisha kupata mafuta, mpelekee fundi azibadilishe. Chumvi ya donge nayo hutia kutu nyuzi za chuma. Zipanguse kwa kitambaa kikavu cha pamba kila ukimaliza. Halafu legeza upinde.

Sasa jiko. Mbao za fidla hushikwa na gundi ya ngozi, inayolainika kwa joto na mvuke. Imewekwa dhaifu makusudi, ili maungio yaachie kabla ubao haujapasuka. Kwa hiyo fidla isiwe chumba cha jiko kabisa. Kama huna budi, iwe ndani ya sanduku lililofungwa, ukuta wa mbali, si juu ya kabati ambako hewa ya moto hupanda. Kujua kama maungio yameachia, gonga kingo za fidla polepole kwa kifundo cha kidole: pakilia kwa mtetemo, pameachia. Usitie gundi ya dukani, fundi hataweza kuifungua tena vizuri.

Bati la moto lishike kwa glovu nene kavu, si kwa kanga. Ikilowa inapitisha joto moja kwa moja hadi kidoleni. Ukiungua, maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, bila barafu wala dawa ya meno, na usibonyeze nyuzi mpaka ngozi ifunge.

Unga ulioingia kwenye matundu ya fidla hutolewa kwa mchele mbichi mkavu: mimina konzi moja ndani, tikisa taratibu dakika 1, geuza utoke. Vumbi litatoka limeshikana na punje.