Dogo usijaze alama za CA kwa kukadiria, mimi yalinikuta

Dogo ishia hapo hapo. Umeuliza PEPMIS, ule mfumo wa serikali wa kupima utendaji wa watumishi, inajazwaje kwa mwalimu mgeni, na ufanyeje na CA (tathmini endelevu, zile alama za majaribio ya darasani) za kidato cha nne ambazo alama zake huzioni, halafu nimeona mtu hapo juu kakwambia "kadiria tu, kila mtu anafanya". Huyo, au pacha wake, ndo aliyeniponza mimi.

Mwaka wangu wa pili kazini, Biolojia, mikondo mitatu, watoto mia na themanini na kitu. Daftari la alama nikalisahau kwenye daladala (cheka tu, mke wangu anacheka mpaka leo) na karatasi nilisharudisha kwa wanafunzi. Mtaaluma, yaani mwalimu wa taaluma, akanifuata saa kumi jioni, kesho asubuhi zinatakiwa, akasema ticha si unawajua watoto wako, weka. Nikaweka. Kumbe ninaowajua ni wale wanaonyoosha mkono na watukutu, wa katikati wote nikawagawia kama pipi. Kuna binti mmoja kimya, anachelewa namba kila siku, sare imepauka, nikampa 28. F hiyo. Na sikuwa na kinyongo naye jamani, mkono wenyewe ulikuwa unasahihisha uchelewaji mi nadhani unasahihisha Biolojia.

Orodha ikabandikwa. Siku ya tatu mama yake kaja na mfuko wa rambo, ndani karatasi zote, 58, 63, 61, kalamu nyekundu, saini yangu. Akazipanga mezani moja moja, wala hakupaza sauti. "Mwalimu, hii 28 imetoka wapi?" Mimi na digrii yangu nikabaki naangalia feni, na ofisi ile haina feni.

Mkuu wa shule alipouliza, mtaaluma akasema hajawahi kuongea na mimi habari ya CA. HAJAWAHI. Barua ya kujieleza nikaandika peke yangu. Bahati alama zilirekebishwa kabla hazijatumwa, ila yule binti hakuniletea tena daftari nimsahihishie, anampa mwenzake.

Karatasi haipo, alama haipo. Hata kwako wewe inakuhusu, mwaka jana mkuu kanipa alama ya chini ya utendaji wa kazi wakati hajawahi kukanyaga darasani kwangu, nikatoka nimevimba naenda kumwaga mboga, mlangoni nikamkumbuka yule mama nikageuza. Nikarudi na maazimio ya kazi, maandalio, madaftari ya majaribio, nikampangia mezani moja moja. Akapandisha mwenyewe.

Kesho asubuhi waambie watoto walete karatasi za zamani, wanazo, wengine wamejaladia madaftari. Asiyekuwa nayo afanye jaribio upya, na mkuu umwandikie ujue nani kakwambia nini na lini, usiongee korido. PEPMIS sasa, waulize wengine, mimi ananisaidiaga dogo wa kompyuta.