Usiyapitishe Majina ya Kiwelisi Kwenye Kiingereza

Wiki iliyopita, katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi huku kusini mwa Wales, mzee mmoja ambaye tangu Januari alikuwa akinikatalia nisimfunge vifungo vya shati alinikubalia, kwa sababu moja tu: nilikuwa nimeutaja mji aliozaliwa, Llanelli, jinsi wenyeji wanavyoutaja.

Siku yangu ya kwanza niliusoma "Lanelli". Mzee akageukia ukutani, na msimamizi akaniambia mbele ya wenzangu kwamba sisi wageni tusijisumbue na Kiwelisi, lugha ya wenyeji wa Wales. Neno hilo lilinichoma na bado linanichoma, maana nimelelewa Tanga, na huko mtu mzima haitwi ovyo.

Kosa langu lilikuwa kuyasoma majina hayo kwa Kiingereza, ilhali Kiswahili kilikwisha kunipa karibu kila kitu. Herufi dd ni dh yetu ya dhahabu na f moja husomwa v, kwa hiyo jina la mtu Dafydd ni "Davidh"; f yenyewe wao huiandika ff. Ch ni ile kh ambayo wazee wa pwani huitamka waziwazi wanaposema "kheri". C ni k daima, jina Siân ni "Shaan", na w mara nyingi ni irabu u, hivyo cwm, yaani bonde, ni "kum". Hata mkazo, isipokuwa katika maneno machache, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho kama wetu, ndiyo maana Eisteddfod, tamasha lao la ushairi na nyimbo, hukazwa kwenye "stedh". Na wanaposema "yng Nghaerdydd", yaani mjini Cardiff, Mwingereza hukwama pale ambapo aliyezoea kusema ng'ombe na ng'ambo hupita.

Iliyobaki ni ll. Weka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu kana kwamba unataka kusema "la", uiache hapo hapo, usitoe sauti, kisha upulize pumzi ipite kandoni mwa ulimi. Nilifanya hivyo jikoni kila alfajiri, birika likichemka, kiganja kikiwa mbele ya mdomo ili niihisi pumzi. Llanelli inaidai mara mbili, na ile ya pili ndiyo iliyonitesa.

Kwa hiyo, ndugu yangu uliyeko huku, usikubali kuambiwa kwamba jina la mtu ni gumu. Muulize mwenyewe, litamke mbele yake, akikukosoa lirudie. Mzee wangu alinikosoa mara nne asubuhi ile. Mara ya tano aliinua kidevu, akaniachia kifungo cha juu.