Laini nane zilizogoma kukata: nilivyojifunza kulinganisha seva za simu za ofisi

Jumatatu, saa mbili na nusu asubuhi, dada wa mapokezi alinipigia kwa simu yake ya mkononi. Ile ya mezani, niliyomfungia mwenyewe Ijumaa, ilikuwa haiingizi simu wala haitoi. Nikafungua ukurasa wa seva nikakuta laini zote nane za nje zimeshikwa, kila moja ikidai ina mazungumzo yanayoendelea. Moja ilikuwa "inaongea" kwa saa thelathini na tatu. Ofisi ilifungwa Ijumaa jioni na hakuna aliyeingia tena mpaka asubuhi ile.

Nikasikiliza rekodi ya ujumbe wa sauti wa laini hiyo. Sekunde sita za mtu anayesema haloo, haloo, kisha mlio: tuu, tuu, tuu, tuu, mpaka nikachoka kusogeza mbele. Aliyepiga alishakata Jumamosi usiku. Sisi ndio hatukujua kwamba amekata.

Kinachoniuma ni kwamba mfumo ule ndio ulioibuka mshindi kwenye jedwali langu. Nilikaa wiki tatu nikilinganisha mifumo sita, mistari 112, alama moja hadi tano, na safu ya uzito juu yake ili ionekane ya kitaalamu. Mikutano ya simu, kurekodi, muziki wa kusubirisha, ripoti za simu kwa idara, vyote vilikuwemo. Hakukuwa na mstari hata mmoja unaouliza swali hili: lango, yaani kisanduku kinachounganisha seva na laini za nje, litajuaje kwamba mtu wa upande wa pili ameweka mkonga chini?

Naandika haya kwa yeyote aliyepewa kazi ya kuchagua seva ya simu za intaneti kwa kampuni yake na sasa anatazama vipeperushi sita vinavyofanana. Ushauri wangu ni mmoja, na umenigharimu: anza na lango, si seva. Seva za siku hizi zimekaribiana sana kwa yale zinayoweza kufanya. Pale zinapokutana na dunia ya nje, yaani laini za shaba, E1 (laini moja ya kidijitali inayobeba simu nyingi), faksi, ruta ya mtoa huduma, ndipo tofauti inapoonekana. Na tofauti hiyo haiandikwi kwenye kipeperushi.

Nirudi kwenye zile laini nane, maana zinafundisha. Simu ikipita kwa SIP, lugha ambayo simu za intaneti hutumia kuanzisha na kukata mazungumzo, kutoka mwanzo hadi mwisho, anayekata hutuma ujumbe unaoitwa BYE na kila mtu anaelewa. Laini ya shaba haina adabu hiyo. Kituo cha simu kinaweza kugeuza umeme wa laini, chanya ikawa hasi. Kinaweza kukata umeme kwa muda mfupi. Au kisifanye lolote ila kukupigia mlio wa laini kushikwa na kukuachia uamue mwenyewe. Ukiangukia kwenye hali hii ya tatu, lango linapaswa kuutambua mlio huo kwa masikio yake, kwa marudio yake ya sauti na kwa mapigo yake. Na milio hiyo haifanani duniani. Marekani ni mchanganyiko wa Hz 480 na 620, nusu sekunde unalia, nusu sekunde kimya. Nchi nyingi nyingine zinatumia sauti moja ya Hz 425. Lango letu lilitoka kiwandani na masikio ya Kimarekani, laini zetu zilikuwa zinalia 425, basi likasubiri. Lingesubiri hadi leo.

Dawa yake ilichukua dakika ishirini: nikarekodi mlio, nikaupima kwenye programu ya sauti, nikaandika namba mbili kwenye mipangilio. Kuigundua kulichukua siku mbili na heshima yangu kidogo. (Kuweka kikomo cha dakika tano kwenye ujumbe wa sauti nako kungeniokoa. Hilo ni kosa langu, simsingizii mtu.)

Kwa hiyo kabla hujaomba bei ya seva yoyote, zunguka jengo zima na daftari. Andika kila kitu kinachotumia simu: laini za nje, mashine ya faksi, kengele ya mlangoni, simu ya ndani ya lifti, mfumo wa kuzima moto unaopiga simu wenyewe, mashine ya kadi. Kila kimoja kitahitaji tundu la aina yake, na hapa ndipo wengi huagiza kitu kisicho chao. Tundu la FXS ndilo linalotoa umeme na kuliza kengele. Hapo unachomeka simu ya kawaida au faksi. FXO linapokea umeme kutoka kwa kituo cha simu; hapo unachomeka laini ya nje. Nimeshaona maboksi kumi yakirudishwa bohari kwa sababu aliyeagiza alibadilisha herufi moja.

Baada ya matundu, hesabu. Watu hununua njia za simu, yaani simu ngapi zinaweza kuendelea kwa pamoja, kwa kukisia, "tuko mia mbili, basi tuchukue hamsini". Mdenmaki Agner Krarup Erlang alishatufanyia hesabu hii zaidi ya miaka mia moja iliyopita, na bado inafaa. Chukua saa yako yenye simu nyingi kuliko zote. Tuseme zinaingia na kutoka simu 400, kila moja wastani wa dakika tatu. Hizo ni dakika 1,200, ambazo ukigawa kwa 60 unapata erlang 20, yaani wastani wa simu 20 zinazoendelea kwa pamoja. Ukikubali simu moja kati ya mia igonge ukuta, fomula inakupa njia 30. Kwa bahati njema hizo ndizo njia za sauti zilizomo kwenye E1 moja. Ofisi ya watu mia mbili wanaopiga simu kwa nadra inaweza kutosheka na chini ya nusu yake, na kituo cha wateja cha watu arobaini kinaweza kuzimaliza zote kabla ya saa nne. Idadi ya wafanyakazi peke yake haikuambii kitu.

Namba hiyo ndiyo utakayoisomea leseni. Kati ya watengenezaji wa seva hizi, 3CX kwa muda mrefu imeuza leseni kwa idadi ya simu za wakati mmoja. Cisco hutoza kwa mtumiaji. Asterisk na FreeSWITCH ni programu huria, huzilipii leseni kabisa. Ukiweka bei hizo tatu kwenye safu moja ya jedwali bila kuzipitisha kwenye hesabu ya Erlang, unalinganisha debe na mita. Watu mia tatu wanaoongea kwa nadra watafaidika na leseni ya simu za wakati mmoja. Watu hamsini walioshikilia simu kutwa nzima huenda wakafaidika na ile ya kwa kichwa. Na kwa programu huria bei haipotei, inahamia kwenye mshahara wa mtu anayeijua. Asterisk toleo la 21, lililotoka 2023, liliondoa kabisa chan_sip, moduli yake ya zamani ya kushughulikia SIP. Waliokuwa na mafaili ya mipangilio ya miaka mingi ilibidi wahamie moduli mpya, PJSIP, na si kazi ya kufanya kwa kuchungulia simu huku unakula.

Kuhusu upana wa intaneti nitapita haraka. G.711, namna mojawapo ya kugeuza sauti kuwa data, inatangazwa kuwa ya kilobiti 64 kwa sekunde, lakini ukijumlisha vichwa vya pakiti pamoja na Ethernet inafika kama 87, kila upande. G.729, inayobana sauti zaidi, inatangazwa 8, inakula kama 31. Piga hesabu kwa hizo namba za pili.

Sasa majina makubwa ya watengenezaji wa mifumo ya simu. Bosi wangu wa wakati ule alikuwa na msemo kwamba ukinunua jina huwezi kulaumiwa. Tazama yaliyowapata wenye majina. Nortel ilianguka 2009, na Avaya ndiyo ikanunua kitengo chake cha simu za makampuni. Avaya yenyewe, iliyochipuka kutoka Lucent mwaka 2000, imeomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai mara mbili, 2017 na 2023. Mitel ikafuata 2025. Digium, walioilea Asterisk tangu Mark Spencer alipoianzisha 1999, walinunuliwa na Sangoma 2018. 3CX nayo, Machi 2023, ilikuta programu yake ya kompyuta imechomekwa msimbo wa wadukuzi na kusambazwa kwa wateja kama sasisho halali. Sisemi usinunue kwao. Baadhi ya hao ningewanunua kesho. Ila kwenye jedwali langu sasa safu ya "uimara wa kampuni" nimeifuta, na badala yake nauliza: mtengenezaji akifa, mimi nabaki na nini? Simu za mezani zinazozungumza SIP ya kawaida zitahamia seva nyingine. Simu zinazoelewa lugha ya mama yao tu zitabaki vitu vya kukandamizia karatasi mezani.

Halafu weka vitu mezani. Usikubali maonyesho ya muuzaji kwenye mtandao wake, ambapo kila simu inapigwa kwenda chumba cha pili. Omba vifaa kwa wiki mbili, vichomeke kwenye laini zako, na uvitese.

Mimi huanza na simu ya nje ninayoikata upande wa pili, nikitazama kwenye seva laini inaachiliwa baada ya sekunde ngapi. Mnajua kwa nini. Kisha napiga namba yoyote yenye menyu ya "bonyeza moja" na kubonyeza, mara ishirini, kwa sababu mibonyezo ya vitufe hupotea njiani. Ikiwa lango linaipitisha kama sauti ndani ya G.729, sauti inabanwa na upande wa pili hausikii kitufe. Inapaswa ipite kama ujumbe wa pembeni. Kisha faksi ya kurasa kumi. Ya ukurasa mmoja hupita kwa bahati. Kama lango halina T.38 (kanuni ya kupitisha faksi kwenye intaneti) inayofanya kazi kweli, au mtoa huduma wako hana, ukurasa wa nne au wa tano ndipo utakapokatika.

Mwangwi upime kwa mtu mwenye sauti kubwa, na kwenye laini ya shaba, si kati ya simu mbili za ndani. Kuchelewa kwa sauti ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, inapendekeza kusizidi milisekunde 150 kwa upande mmoja. Ukivuka hapo watu huanza kukatizana maneno wakadhani mwenzao hana adabu.

Jaribio lifuatalo huwaudhi wauzaji: nachomoa umeme. Wa jengo zima, si wa seva. Kwenye ofisi moja seva ilikuwa na betri ya akiba ya saa nne, nasi tukajipongeza. Swichi inayozipa simu umeme haikuwa nayo, kwa hiyo tulikuwa na seva hai isiyo na simu hata moja ya kuhudumia. Simu ya zamani ilipata umeme wake kutoka kituo cha simu na hakuna aliyewahi kulifikiria hilo. Malango mengine yana tundu moja ambalo umeme ukikatika linaunganisha simu moja ya mezani moja kwa moja na laini ya nje. Hilo nalipa alama nyingi kuliko mikutano ya video.

Sauti ya upande mmoja, mimi nakusikia wewe hunisikii, mara nyingi si kosa la seva wala la lango. Ruta nyingi zina kitu kinachoitwa SIP ALG, kinachofungua ujumbe wa SIP na kubadilisha anwani zilizomo kikidhani kinasaidia. Kizime kabla hujaanza kumpa mtu yeyote alama mbaya.

Na usiache mlango 5060, ule ambao SIP huingilia kwenye seva, wazi kwa dunia hata wakati wa majaribio. Niliuacha mchana mmoja. Kabla ya jioni daftari la seva lilikuwa limejaa watu wasiojulikana wakijaribu kuingia kama namba ya ndani 100, kisha 101, kisha 102, kwa nywila ya 1234. Wanachotafuta ni kupiga simu za kimataifa kwa bili yako. Angalia mfumo unawafungia wenyewe au unawaangalia tu.

Mwisho kabisa, kabla ya kusaini, huwa natuma swali moja la kiufundi kwa kila muuzaji bila kumwambia kwamba ni mtihani. Mara ya pili nilipochagua, swali lilikuwa lile lile lililonikosesha usingizi: laini zangu hazigeuzi umeme, lango lenu litajuaje kwamba simu imekatwa? Wa kwanza alinitumia kipeperushi. Wa pili alinitumia ukurasa wa mwongozo, sahihi kabisa, bila neno lingine. Wa tatu, ambaye kwenye jedwali alikuwa wa nne, aliniandikia mistari miwili: nirekodie mlio huo sekunde kumi, unitumie faili. Kesho yake mipangilio ikarudi imeshaandikwa.

Kisanduku chake kipo mpaka leo. Laini sita zimeshahamia kwenye SIP ya mtoa huduma, zimebaki mbili za shaba, ya lifti na ya kengele ya moto, na hizo nimeandika kwa kalamu nyekundu kwenye kabati kwamba asiziguse mtu.