Changu wa saa kumi

Nauza samaki aina ya changu Langoni, hapa Lamu. Nanunua kilo kwa shilingi 300, nauza kwa 450. Wakilala, mnunuzi wa ng'onda (samaki wa kukausha) hunipa 200. Ninunue kilo ngapi?

Mamangu, mteja akikuta umeishiwa, umekosa faida ya 150. Kilo ikikulalia, hasara ni 100. Jumla 250, na 150 katika 250 ni sita kwa kumi. Basi nunua kiasi kitakachotosha siku sita kati ya kumi; hizo nne wakuishie mapema na usijilaumu. Utakijuaje? Shika daftari siku 30, uandike kilo zilizoulizwa kila siku, pamoja na za walioondoka mikono mitupu (hao ndio tunaowasahau, hawakuacha pesa). Zipange kutoka ndogo hadi kubwa. Ya 18 ndiyo yako. Daftari la kaskazi usilitumie kusi bahari ikichafuka, na la Ramadhani liwe mbali kabisa.

Nishushe bei saa ngapi? Wateja wamenizoea, wote wanangoja alasiri.

Umewafundisha mwenyewe kwa kushusha kila siku saa kumi. Tazama beseni. Limejaa saa nane? Shusha saa nane. Wamebaki wanne? Usishuke hata shilingi. Na badala ya kutangaza bei mpya, ongeza samaki kwenye fungu. Zile 300 ameshakwenda nazo mvuvi. Alasiri linganisha na 200 za ng'onda tu. Anayetoa 260, mpe. Mimi niliwahi kushikilia "nimenunua ghali" hadi magharibi, nyumbani tukala changu siku tatu.

Mbona kiti cha ndege ya kuja uwanja wa Manda hupanda bei siku ikikaribia, samaki wangu wanashuka?

Ndege ikisharuka, kiti kitupu kimeoza. Ila anayechelewa kukata tikiti ana dharura, na anayechelewa sokoni anatafuta rahisi. Ken Littlewood wa shirika la ndege la Uingereza, BOAC, alitoa kanuni mwaka 1972: uza kiti cha bei nafuu iwapo bei hiyo haipungui bei ghali ikizidishwa kwa uwezekano wa mteja wa bei ghali kuja. Sasa wewe unamwekea nguru mpishi wa hoteli kule Shela. Hulipa 900 kwa kilo, na huja siku moja kati ya mbili: hiyo ni 450. Asipokuja una ng'onda ya 200, nusu yake 100. Kiti hakikaushwi juani, nguru hukaushwa. Kwa hiyo kilo ya kungoja ni 550. Anayetoa 600 sasa hivi mkatie, wa 500 mwambie apite baadaye.