Askofu aliyejificha, inakuwaje tunamwita shahidi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo padre. Somo wa jumuiya yetu ni Mt. Sipriani, sasa kuna ndugu katuambia huyu askofu alikimbia mateso akaacha waumini wake wanakamatwa. Ni kweli? Na kama ni kweli ushahidi wake wa imani uko wapi?

JIBU: Milele amina mwanangu. Ni kweli alijificha, wala tusifiche. Mwaka 250 kaisari Decius alitaka kila mtu atoe sadaka kwa miungu ndo apewe cheti, na kule Karthago (leo ni Tunisia, hapahapa Afrika) watu walishaanza kupiga kelele Sipriani atupiwe simba. Akaondoka. Hata mapadre wa Roma walimsema, kwahiyo huyo ndugu yenu hajaanza yeye. Ila muangalie huko mafichoni alifanya nini, barua juu ya barua, wafungwa wahudumiwe, maskini wapewe hela, na walioanguka, yaani waliokana imani kwa hofu, wasikatiwe tamaa ila watubu kwelikweli. Yesu mwenyewe kasema, Mathayo 10:23, wakiwafukuza mji huu kimbilieni mwingine. Kukimbia sio kukana jamani! Waliokana ni waliotoa sadaka, na hata wale walionunua cheti kimyakimya Kanisa liliwadai toba.

Mwaka 257 chini ya kaisari Valerian akaitwa, akakiri wazi kuwa ni Mkristo na askofu, akapelekwa uhamishoni mji wa Curubis. Mwaka uliofuata liwali alikuwa Utica, mji mwingine, akataka apelekwe huko, na hapo akajificha tena, na hapa ndo wengi hawajui sababu, aliandika kuwa askofu inafaa amkiri Bwana kwenye mji wake, mbele ya watu wake. Liwali aliporudi Karthago akamkuta anamsubiri nyumbani. Tarehe 14 Septemba 258 akaambiwa atoe sadaka, akasema sifanyi. Akaambiwa jifikirie, akajibu fanya ulichoagizwa, jambo la haki namna hii halina cha kufikiria. Hukumu ikasomwa ni upanga, yeye akasema Mungu ashukuriwe, na akaagiza huyo wa kumkata kichwa apewe vipande 25 vya dhahabu. Huyo ni muoga kweli?

Sikukuu yake ni 16 Septemba pamoja na Papa Kornelio, mkikutana kusali siku hiyo anzeni na hiyo Mathayo 10 na huyo ndugu awepo, mpeni yeye asome.